Wanasema uchumi unapona, mbona Kongowea hatuoni?

Swali: Nauza mitumba soko la Kongowea, Mombasa, huu mwaka wa tisa. Zamani bale moja la nguo za watoto nilikuwa nalimaliza kwa wiki. Tangu 2023 nalikalia wiki tatu, na wengi wanachukua kwa daftari. Redioni nasikia shilingi imetulia, mfumuko wa bei umeshuka, uchumi unapona. Unapona kwa nani? Halafu zamu yangu ya mkopo wa chama chetu cha kukopeshana imefika: 80,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, nilipe miezi kumi. Nikope niongeze mzigo, au nisubiri?

Jibu: Dada, redio haikudanganyi, na wewe hujakosea hesabu. Nyote mnatazama maji yale yale, ila wao wamesimama penye tangi na wewe uko kwenye mfereji wa mwisho mtaani. Mtu wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa hilo. Maji ya chemchemi za Mzima yakirudi baada ya kukatika, mfereji hukoroma kwanza, ukatoa hewa, kisha maji ya matope, na nyumba ya mwisho hupata baada ya wote kujaza mitungi yao. Nitajaribu kukuonyesha yalikatikia wapi na sasa yamefika wapi, kisha tuzungumze habari ya mkopo wako.

Wengi huanza hadithi hii na korona, na ni kweli mwaka 2020 uchumi wa Kenya ulirudi nyuma kwa asilimia 0.3. Lakini mwaka uliofuata ulikua kwa 7.6, hasa kwa sababu ulikuwa unalinganishwa na mwaka uliokufa. Ukianguka shimoni ukapanda hadi ukingoni, umepanda sana, lakini umesimama pale pale ulipokuwa. Kilichoibana biashara yako kilikuja baadaye, na kilikuja kwa mkupuo: ukame wa misimu mitano mfululizo, vita vya Ukraine kuanzia Februari 2022 vilivyopandisha mafuta, ngano na mbolea, na jambo la tatu ambalo sokoni halizungumzwi sana ingawa ndilo lililokugusa wewe zaidi. Benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 kufikia Julai 2023. Mwenye dola zake aliyekuwa akizileta Nairobi kutafuta faida akaona hana haja ya kuhangaika, kwao kwenyewe zinalipa.

Juu ya hayo, Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2 lililokopwa 2014 na kupaswa kulipwa lote Juni 2024. Kadiri tarehe ilivyokaribia ndivyo watu walivyozidi kuulizana litalipwa na nini, na mwenye dola anaposhuku huzifungia. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Mwishoni mwa Januari 2024 ilifika 160.

Mzigo wako hununuliwa kwa dola huko unakotoka. Tuseme bale lilimgharimu mwagizaji dola 100 kabla ya meli na ushuru. Bale hilo hilo, lenye nguo zile zile, lilitoka shilingi 11,300 hadi 16,000 bila mtu yeyote kupandisha bei. Ushuru nao hukadiriwa kwa thamani iliyogeuzwa kuwa shilingi, kwa hiyo ukapanda nyuma yake. Wewe ukawa unanunua ghali, na mteja wako, ambaye petroli ilikuwa imevuka shilingi 200 kwa lita Septemba 2023 na nauli ikafuata, akawa hana cha kuongeza. Hapo ndipo daftari lilipoanza kunenepa.

Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nje, ikatumia sehemu kubwa kununua lile deni la zamani kabla ya tarehe yake. Hofu ikaisha karibu siku moja. Waliokuwa wamefungia dola wakazitoa mbio kabla hazijashuka zaidi, na ndani ya wiki chache shilingi ikarudi kwenye 130, kisha ikatulia karibu 129, ilipo tangu wakati huo. Sisi wanauchumi tulipigiana makofi. Lakini dawa hiyo haikuwa ya bure: deni la zamani lilikuwa na riba ya asilimia 6.875, na jipya lilichukuliwa kwa zaidi ya asilimia 10. Tulinunua utulivu, na bado tunaulipia.

Mwezi ule ule serikali ilikopa pia hapa nyumbani kwa hatifungani ya miundombinu iliyolipa asilimia 18.46, bila kodi. Nakuomba ukae kidogo kwenye nambari hiyo, maana kwangu ndiyo kiini cha yote. Jiweke mahali pa meneja wa benki ya Digo Road. Mbele yake kuna serikali, ambayo itamlipa zaidi ya asilimia 18 akiwa amelala. Upande wa pili umesimama wewe na kibanda chako, au fundi wa Bombolulu anayetaka mashine ya kushonea, au mwenye lori anayetaka matairi. Atamkopesha nani? Benki Kuu yenyewe ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13, na hati za Hazina za siku 91, yaani mkopo wa muda mfupi kwa serikali, zilikuwa zikilipa karibu 16. Kufikia Desemba 2024 mikopo ya mabenki kwa watu na kampuni binafsi haikuwa inakua hata kidogo, ilikuwa imepungua kwa asilimia 1.4 ikilinganishwa na mwaka mmoja nyuma. Na katika kila shilingi 100 zilizokuwa zimekopeshwa, zaidi ya 16 zilikuwa za watu walioshindwa kulipa kwa wakati. Fundi hakununua mashine, hakuajiri msaidizi, na yule msaidizi ambaye hakuajiriwa ndiye angekuja kwako Jumamosi kutafutia watoto nguo.

Turudi kwenye redio, kwenye neno linalowakera watu kuliko yote. "Mfumuko wa bei umeshuka" haimaanishi bei zimeshuka. Oktoba 2022 bei zilikuwa zikipanda kwa asilimia 9.6 kwa mwaka. Oktoba 2024 zilikuwa zikipanda kwa 2.7. Zote mbili ni kupanda. Gari lililokuwa likikimbia sasa linatembea, lakini linaelekea kule kule. Chukua kikapu cha vitu kilichogharimu shilingi 100 mwisho wa 2021. Kwa takwimu za Desemba za miaka mitatu iliyofuata, yaani asilimia 9.1, kisha 6.6, kisha 3, kikapu hicho kilifika karibu shilingi 120. Hakitarudi 100. Hata sisi hatutaki kirudi, maana bei zikianza kuanguka kote kwa pamoja huwa ni ugonjwa mwingine, mbaya zaidi. Njia pekee ya mteja wako kupumua ni kipato chake kukifikia hicho kikapu, na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Tumtazame mteja mmoja wa mshahara, tuseme karani wa ghala huko Changamwe anayelipwa 40,000. Miaka michache iliyopita NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ilimkata shilingi 200. Tangu Februari 2025, kwa asilimia 6, inamkata 2,400. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ni 600 zaidi, haukuwapo. Bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF inakata asilimia 2.75, yaani 1,100 badala ya 1,000. Jumla ya nyongeza hizo ni 2,900 zilizokuwa zikifika nyumbani. Kodi yake ya mapato imepungua kiasi kufidia makato hayo, lakini pengo bado linakaribia shilingi elfu mbili kila mwezi. Ni kweli hela za NSSF ni zake, atazila uzeeni. Ila mtoto wake anahitaji suruali mwezi huu. Kwa mtu wa kipato hicho, elfu mbili ndiyo ilikuwa bajeti ya nguo ya nyumba nzima, maana kodi ya chumba haipunguzwi, unga haupunguzwi, karo haipunguzwi. Nguo husubiri.

Na kuna jambo moja ambalo Pwani linauma zaidi ya bara, na sijasikia wengi wakilisema. Nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi na Kwale zinaishi kwa hela za binti au kijana aliye Saudia, Qatar au Emirati. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola kwa bei isiyobadilika, 3.75. Dola ilipokuwa 160, mama aliyetumiwa riyali 1,000 alipokea kama 42,700. Dola ikiwa 129 anapokea kama 34,400. Binti hajapunguziwa kazi wala mshahara, na hajapunguza kutuma. Mama amepoteza zaidi ya elfu nane, kwa sababu ya habari ile ile ambayo redio inaitangaza kama njema. Shilingi imara inakusaidia wewe kununua bale na inamwumiza mteja wako kulinunua. Ukisikia mtu anasema sarafu imara ni baraka kwa wote, mpe habari ya mama huyu.

Sasa upande wa matumaini, maana upo.

Maji yameingia kwenye bomba kubwa, hilo sina shaka nalo. Bandari ya Mombasa ilipitisha zaidi ya tani milioni 41 mwaka 2024. Watalii waliofika Kenya mwaka huo walikuwa karibu milioni 2.4, wengi kuliko walivyokuwa 2019 kabla ya korona. Riba ya Benki Kuu imeshushwa hatua kwa hatua tangu Agosti 2024, kutoka 13 hadi 9.5 kufikia Agosti 2025. Hati za Hazina za siku 91, zile zilizokuwa zikilipa karibu 16, zilikuwa zimeshuka hadi karibu 8. Mikopo ya kawaida ya mabenki ilitoka kama 17 hadi kama 15, na ile mikopo iliyokuwa ikipungua ilikuwa imeanza kukua tena kufikia wakati huo, kama asilimia 3 kwa mwaka. Unaona yenyewe ilivyo: serikali imepata nafuu ya nusu nzima, mkopaji wa benki amepata pointi mbili tu. Ndiyo ile hewa inayotoka kwenye mfereji.

Uchumi wenyewe mwaka 2024 ulikua kwa 4.7. Si kidogo. Lakini watu nao huongezeka kwa karibu asilimia 2 kila mwaka, kwa hiyo ukigawa kwa vichwa kinachobaki ni chembamba. Sekta ya ujenzi, inayolipa vijana wengi kwa siku, mwaka huo ilirudi nyuma. Kazi mpya zilizohesabiwa zilikuwa takriban 782,000, na tisa katika kila kumi zilikuwa za jua kali, yaani zisizo rasmi. Tafsiri ya hilo sokoni ni kwamba waliofungua vibanda vya mitumba jirani yako wanahesabiwa kama watu waliopata kazi. Wewe unawaona ni ushindani, takwimu inawaona ni nafuu.

Kenya imewahi kutoka hapa. Mwaka 2002 uchumi ulikuwa karibu umesimama, haukukua hata kwa asilimia 1, na 2007 ulikua kwa karibu 7. Watu hukumbuka shangwe za uchaguzi wa Desemba 2002 wakadhani nafuu ilikuja na shangwe. Mimi nakumbuka jambo jingine. Mwaka 2003 riba ya hati za Hazina ilianguka chini ya asilimia 2. Mabenki yaliyokuwa yamezoea kula kwa serikali yakakosa chakula, yakatoka nje kumtafuta mwalimu, muuza duka, mkulima wa chai, watu ambao miaka ya tisini hayakuwataka hata wafungue akaunti. Mkopo ukafika chini, na hata hivyo safari ile ilichukua miaka minne au mitano. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akakuta soko limechangamka.

Kwa nini siwezi kukuahidi kwamba itakuwa vivyo hivyo? Kwa sababu serikali ya 2003 haikuwa na njaa kama hii. Leo karibu theluthi ya kodi inayokusanywa inakwenda kulipa riba ya madeni peke yake. Ilipojaribu kuongeza kodi, vijana waliingia barabarani, na baada ya tarehe 25 Juni 2024 mswada wa fedha ukaondolewa. Haki yao, na walilipa kwa damu. Lakini pengo la bajeti halikuondoka na mswada, limejazwa kwa kukopa, na nyingi ya kukopa huko ni hapa hapa nyumbani. Zaidi ya hayo, serikali kuu na kaunti zina wakandarasi na wauzaji wanaozidai kwa miaka. Mkandarasi asiyelipwa hamlipi fundi, fundi hamlipi mama wa chakula, na mama wa chakula ni mteja wako wa daftari. Wakilipwa hao, hata nusu, utaona tofauti Kongowea kabla Benki Kuu haijaona kwenye chati zake.

Kwa hiyo ukitaka kitu kimoja cha kufuatilia kwenye taarifa ya habari, achana na ukuaji wa pato la taifa. Sikiliza riba ya hati za Hazina. Zikiendelea kuwa karibu 8 au chini, benki zitaendelea kusukumwa kwenu. Zikianza kupanda tena kuelekea 12, jua serikali imerudi kunywa kutoka bomba lenu. Na mkononi mwako mwenyewe una kipimo kizuri kuliko changu: siku ngapi bale linachukua kuisha, na mauzo mangapi katika kumi ni ya pesa taslimu. Yaandike kila wiki. Miezi mitatu ya karatasi hiyo itakuambia zaidi ya redio.

Kabla ya mkopo, zungumza na anayekuuzia bale. Dola imeshuka kwa karibu asilimia 20 tangu kilele chake. Kwa muda alikuwa na kisingizio cha kweli, kwamba ghala lake lina mzigo wa dola ya 160, lakini mzigo huo ulikwisha zamani. Kisingizio cha pili nacho ni cha kweli kiasi: tangu mwisho wa 2023 meli nyingi za kutoka Ulaya zilikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahuthi wa Yemen, zikazunguka rasi ya kusini mwa Afrika, na nauli ya kontena ikapanda. Kwa hiyo usitarajie bei ya 2022. Lakini kama bei yake haijasogea kabisa tangu mapema 2024, yule jamaa anakula nafuu yako. Nenda waagizaji watatu, uulize.

Sasa elfu themanini. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi ni 1,600, ukijumlisha na 8,000 za kupunguza deni unalipa 9,600 kila mwezi, 96,000 kwa jumla. Ni mkopo mzuri ukilinganisha na ile ya simu, ambayo ikikukata asilimia 8 kwa mwezi huonekana midogo mpaka uizidishe mara kumi na mbili. Lakini tazama kasi yako. Tuseme bale ni 15,000, mkopo utakupa matano. Kwa wiki tatu tatu, matano yatachukua wiki kumi na tano, na kabla la tano halijaisha utakuwa umeshalipa chama mara tatu, karibu 29,000. Na hiyo ni ikiwa wote wanalipa taslimu, nawe umeniambia hawalipi taslimu. Shida yako si uchache wa nguo. Nguo zimejaa, wanaonunua ndio wachache, na bale la pili halizai mteja wa pili. Litakaa juu ya la kwanza.

Singekukataza kabisa, maana chama kikikupa zamu na ukaiacha, mwakani unaweza kuikosa. Ningefanya hivi: waombe 30,000 tu badala ya 80,000, uzichukue kama mwezi mmoja na nusu kabla ya Idi au kabla ya Desemba, wakati hata mzazi mwenye shida hutafuta nguo ya mtoto, na uzinunulie mabale mawili ya aina inayoondoka, si ya kujaribu. Kabla ya hapo, pitia daftari. Wale wenye deni la zaidi ya miezi mitatu wafuate mmoja mmoja, ukubali hata nusu, na usimwongezee mtu nguo mpya juu ya deni la zamani hata kama ni jirani. Fedha hiyo ya daftari ni mkopo usio na riba, na tayari ni yako. Kama katiba ya chama hairuhusu kugawanya zamu, tafuta mwenzako mmoja anayeitaka sasa, mbadilishane, wewe uchukue yake ya kuelekea sikukuu.